Somo: Jinsi ya kutambua shamba la kale ndani ya msitu wa Uingereza

Ndugu mnaoishi Uingereza, misitu kadhaa ya huko, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi wa katikati ya nchi, imeota juu ya mashamba yaliyolimwa zama za kati. Ukubwa wa miti usikudanganye. Soma ardhi.

Hatua ya 1. Nenda kati ya Desemba na Februari, majani yakiwa yamepukutika, mvua ikiwa imenyesha jana yake. Kabla ya kutoka, fungua ramani za leza zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Serikali inazitoa bure, na zinaonyesha ardhi iliyo chini ya miti.

Hatua ya 2. Tafuta matuta mapana yaliyo sambamba, mgongo hadi mgongo mita 5 hadi 10 hivi. Mara nyingi maji hutuama kwenye mifereji, migongo ikabaki mikavu.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Simama mwisho wa tuta, utazame urefu wake wote. Tuta la zama zile limejipinda kama herufi S iliyogeuzwa. Plau nzito ilivutwa na maksai hata 8, wawili wawili, na msururu mrefu hivyo haugeuki ghafla: mkulima alianza kuwapeleka kushoto kabla ya kufika mwisho. Vizazi vikapita, pindo likabaki ardhini. Matuta membamba yaliyonyooka kama rula kwa kawaida ni ya karne ya 19, au ni ya waliopanda misonobari juzi tu.

Hatua ya 4. Fuata matuta hadi kwenye boma la udongo linalozunguka msitu. Yakipita chini yake, shamba lilitangulia. Yakikomea nje, msitu ulikuwapo na wakulima waliuheshimu.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kwetu Shinyanga tunalima kwa plau ya maksai, mbona hatupati matuta makubwa hivyo?
Marahaba. Wale walizunguka kipande kilekile mwaka hadi mwaka, wakipindulia udongo katikati. Mgongo ukapanda, maji yakapata njia. Vipande vya namna hiyo bado vinalimwa Laxton, Nottinghamshire.

Msitu wa jirani yangu umeandikwa rasmi kuwa wa kale. Matuta yametoka wapi?
Rasmi, wa kale ni uliokuwapo tangu 1600. Tauni ya 1348 na 1349 iliua watu wengi mno, mikono ya kulima ikapungua. Mashamba mengi yakawa malisho ya kondoo, mengine yakaachwa, miti ikajiotea. Hadi 1600 ni miaka 250.

Naweza kuchimba kidogo nione?
Hapana, tafadhali. Umbo la ardhi ndilo ushahidi wenyewe. Omba ruhusa ya mwenye msitu, pima kwa kamba, piga picha jua likiwa chini.