Mto Erme hauna mashua ya kuvusha
Ukitembea South West Coast Path, njia ya pwani ya kilomita 1,000 na ushei kutoka Minehead hadi bandari ya Poole, siku ya kufika Mto Erme, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ipange kwa kufuata maji. Hapo hakuna daraja wala mashua. Unavua viatu na kuvuka kwa miguu karibu na Mothecombe, ndani ya saa moja kabla au baada ya maji kupwa kabisa. Mvua kubwa ikiwa imenyesha, zunguka kwa barabara, hata kama inachosha. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, basi saa ya jana haikufai. Tena majedwali mengine ya maji kupwa na kujaa hutumia saa za GMT. Kiangazi, saa za Uingereza zikiwa zimesogezwa mbele, ongeza saa moja.