Sauti ya pili ingoje kina

Mimi hupiga kinanda na kuimba peke yangu, hapa Malindi. Ijumaa na Jumamosi niko kwenye harusi za wanawake, Shela ya hapa kwetu, Maweni, wakati mwingine Watamu, na mara moja moja navuka hadi Lamu. Jumapili jioni nawapigia wageni hotelini, wengi wao Waitaliano. Katika kazi zote hizo ninatumia kisanduku kimoja cha hamoni, kile kinachoipokea sauti yako kutoka kwenye maiki na kuitolea sauti ya pili na ya tatu papo hapo, kana kwamba una wenzako wawili nyuma yako.

Vijana wengi siku hizi wananunua visanduku hivi, na kosa ninalolisikia kwao ni lile lile. Wanakiwasha kwenye neno la kwanza na kukizima nyimbo ikiisha. Nyimbo zetu hazikujengwa hivyo. Mwimbaji huubeba ubeti peke yake, waitikiaji wakaja kwenye kiitikio. Kwa hiyo kichukulie kisanduku kuwa ndio waitikiaji wako. Mwitikiaji anayejua kazi yake hukaa kimya muda mrefu kuliko anaoimba.

Kabla ya kuimba nacho, jua kinapata wapi noti zake. Kuna njia tatu. Ya kwanza, unakiambia ufunguo wa nyimbo, yaani noti inayoanzia na aina ya skeli (ngazi ya noti zake), tuseme C meja, nacho kinachagua noti ndani ya skeli hiyo. Kisanduku cha Boss VE-20 kinafanya kazi hivi. Njia hii ni nyepesi, lakini nyimbo ikihama ufunguo katikati, kisanduku kinabaki kule kule. Ya pili, kinafuata kodi, yaani zile noti tatu au nne unazozipiga pamoja kwa mkono wa kushoto. Ya tatu, wewe mwenyewe unabonyeza noti unazotaka sauti yako iimbe, moja moja, kwenye kinanda. Sisi wapiga kinanda utajiri wetu uko kwenye ya pili na ya tatu, maana mikono yetu tayari inajua nyimbo inakoelekea.

Vinanda vingine vimezaliwa na kazi hii ndani yake. Yamaha PSR-S970 inayo, na Korg Pa4X ina mtambo wa sauti wa kampuni ya TC-Helicon. Ukiwa na kimoja kati ya hivyo, chomeka maiki tu. Sisi wengine tunaunganisha kisanduku cha pembeni kwa waya wa MIDI wenye pini tano, unaopeleka habari za noti unazobonyeza, si sauti yenyewe: tundu la kutolea la kinanda liende kwenye tundu la kupokelea la kisanduku, na namba ya chaneli ifanane pande zote mbili. Chaneli ziko 16, na kinanda kikituma kwenye ya 1 huku kisanduku kinasikiliza ya 2, hutasikia kitu. Kabla hujatoa pesa dukani, geuza kinanda uangalie mgongoni. Vinanda vingi vipya vina tundu la USB la kompyuta peke yake, na kisanduku nacho kikiwa na la aina hiyo hiyo, viwili hivyo haviwezi kuongea bila kompyuta, au kifaa kinachoshika nafasi yake, katikati. Nimemwona binti mmoja akilia kwa ajili hiyo, pesa za miezi zimeshatoka.

Na watu wasikuchanganyie hamoni na vokoda. Vokoda inachukua matamshi yako na kuyavalisha sauti ya kinanda, ndiyo maana inatoka kama mashine inayosema. Hamoni inaichukua sauti yako mwenyewe na kuipandisha au kuishusha. Kwenye harusi ninataka sauti za watu.

Sasa mkono wa kushoto. Ukiimba C juu ya kodi ya C meja, sauti ya juu itakuwa E na ya chini G. Ukishika A maina huku bado unaimba C ile ile, ya juu inabaki E lakini ya chini inapanda hadi A. Ukienda F meja, ya juu inakuwa F na ya chini inabaki A. Wewe hujahama hata kidogo, wenzako ndio wanaohama, na hapo ndipo utamu ulipo. Lakini kisanduku hakina masikio ya mtu, kinasoma vidole. Ukizoea kupiga C na G tu ukaiacha E, hakijui kama ni meja au maina, kitakisia. Piga kodi kamili. Tena iweke sehemu ya kusomea kodi iwe upande wa kushoto wa kinanda tu. Ikisoma kinanda kizima, kila pambo unalolipiga kwa mkono wa kulia litageuzwa kodi, na sauti zitakuwa zinaruka kama mbuzi.

Jambo jingine la mkono huo ni wakati. Kodi mpya ishikwe kabla kidogo ya silabi. Ukichelewa, sauti ya pili inaanza kwenye noti ya zamani kisha inahama ukiwa katikati ya irabu, na msikilizaji anasikia kwaya imejikwaa. Hili halirekebishwi kwa kitufe chochote, ni mazoezi.

Kuna usiku mmoja Maweni sitausahau. Koo lilikuwa limekauka, nikashusha kinanda hatua mbili kwa kitufe cha kuhamisha ufunguo, vidole vikabaki kwenye C kama kawaida. Ubeti ulikwenda vizuri. Nilipofika kwenye kiitikio nikakanyaga pedali inayowasha hamoni, na sauti zilizotoka zilikuwa za nyimbo nyingine kabisa. Kina mama waliokuwa wakipiga makofi wakaacha. Bi harusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Nilikuja kuelewa nyumbani: kinanda changu kilishusha spika zake, lakini noti zilizopita kwenye waya wa MIDI zilikwenda kama nilivyozibonyeza, bila kushushwa. Vinanda havifanani kwa hili, vingine hutuma noti zilizokwisha kuhamishwa. Kwa hiyo jaribu chako. Hamisha ufunguo, shika kodi moja, imba noti ndefu, sikiliza. Kama sauti ya pili inagombana na kinanda, ingia kwenye mipangilio ya kisanduku uhamishe hatua zile zile, au jifunze kuipiga nyimbo kwenye ufunguo wake halisi. Mimi nilichagua kujifunza. Ilinichukua miezi, na sijuti.

Nirudi kwenye waitikiaji, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Utajuaje mahali pa kukanyaga pedali? Tazama shairi. Chukua mistari hii niliyoitunga kwa ajili ya mazoezi:

Nimengoja baharini, jahazi halijafika
Nimewasha taa ndani, usiku waniponyoka

Mizani nane, kisha nane. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -ka. Kisanduku kinahitaji sauti yenye mlio ili kijue kimo chake, yaani iko juu au chini kiasi gani. Irabu inao, lakini kwenye s, sh na f hakuna kimo cha kushika, ni pumzi tu. Ukiimba mstari mzima na hamoni imewashwa, kila s inatoka mara tatu, kama nyoka watatu. Lakini lugha yetu ina neema yake: silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, na kina ni irabu unayoivuta. Ndiyo sehemu safi kuliko zote. Basi ubeti wa kwanza imba peke yako hadi mwisho. Ubeti wa pili, tuseme ndio wenye mistari hii, mguu ushuke kati ya "halija" na "fika", ili sauti za pili zifunguke na ile "fi" yenye mkazo na kupumzika kwenye "ka". Kisha inua mguu. Usiguse kina cha kati, kiache kikavu, kisikie njaa. Kibwagizo kikifika:

Rudi kwangu, rudi hima, moyo wangu wakutaka

hapo acha mguu chini mstari mzima. Watu watakuwa wamekingoja, na wataimba nacho.

Madoido ni habari nyingine. Ukianza kuivunja sauti na kuizungusha juu ya irabu moja, zima. Sauti inayofuata kodi haitelezi nawe, inaruka kutoka noti hadi noti, na lile pambo zuri la koo lako linageuka ngazi iliyovunjika.

Kwenye taarabu ya zamani ninakuwa mkali zaidi. Maqamu, yaani ngazi ya noti za Kiarabu, ya Rasti ina noti ya tatu iliyo kati ya meja na maina, na Bayati ina ya pili ya namna hiyo. Kinanda unaweza kukirekebisha noti hizo zishuke nusu ya nusu, lakini kisanduku cha hamoni kwa kawaida kinahesabu noti 12 za kawaida, basi wewe unaimba pale katikati na mwenzako anaimba pembeni. Usilazimishe. Zima sauti za tatu na za tano, yaani zile zinazoimba noti ya tatu au ya tano kutoka yako, zima pia ile kazi ya kunyoosha sauti, weka uradidi tu: sauti yako yenyewe mara mbili, kimo kile kile, tofauti ndogo sana kati yao. Ndivyo waitikiaji wa taarabu wanavyoimba tangu hapo, wote kwenye mstari mmoja, au wanaume oktavu chini. Wazee wa Lamu, mji uliomtoa Zein l'Abdin na udi wake, watakuvumilia kinanda. Sauti ya tatu ya kizungu juu ya Rasti hawatakuvumilia, nami naona wana haki. Maqamu ya Hijazi ni rahisi kidogo kwa kuwa noti zake zote ziko kwenye kinanda, lakini tumia kodi, usitumie skeli. Hijazi ya D ina E bapa (iliyoshushwa nusu) na F kali (iliyopandishwa nusu) pamoja, na kisanduku kilichoambiwa "D meja" hakitajua E bapa imetoka wapi.

Hotelini mambo yanageuka. Nyimbo za Kiitaliano na za dansi zinapenda sauti mbili zilizopangwa kwa tatu, yaani moja inaimba noti ya tatu kutoka nyingine, na hapo unaweza kukanyaga mapema na kukaa muda mrefu. Hata hivyo sauti mbili za kuongeza juu ya yako zinatosha. Ya nne na ya tano ni kelele.

Sauti yangu ni alto, ya kike lakini nzito kidogo, kwa hiyo napendelea wenzangu wawe chini yangu. Ukiipandisha sauti mbali, inakuwa nyembamba kama ya mtoto, kwa sababu mashine ikipandisha noti inaweza kupandisha na umbo la mdomo na koo ndani yake. Visanduku vizuri vinajitahidi kulihifadhi umbo hilo, lakini kadiri unavyokwenda mbali ndivyo uongo unavyoonekana. Wanaume wenye besi wana shida ya upande mwingine: mashine inahitaji muda kuitambua noti, na noti nzito ina mawimbi marefu, basi hamoni inachelewa kidogo zaidi. Imba noti moja kwa moja, usiipande kwa kuteleza.

Kiasi cha sauti: punguza hamoni hadi usiisikie, kisha ipandishe mpaka uitambue pale tu inapozimwa. Iongezee mwangwi kuliko sauti yako, ikae nyuma. Mwangwi wa mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, uzime, usije ukawa na miwili. Na ukumbuke kwamba kila sauti unayoiongeza inatoka kwenye maiki ile ile, hivyo spika zinakaribia zaidi kupiga mluzi. Maiki kama Shure SM58 haisikii sana kutoka mgongoni kwake, basi spika ya kujisikilizia iweke hapo, na ndani yake peleka sauti yako kavu tu. Ukijisikiliza na hamoni utaanza kuifuata, mtapotea wote. Mdomo uwe vidole viwili au vitatu kutoka maiki. Hili ni muhimu hasa ngoma za chakacha zikiwa karibu, kwani kisanduku kikisikia ngoma kitajaribu kuiimbisha. Kama kina mlango wa kuzuia kelele, uweke ufunguke ukiimba na ufunge ukipumua.

Pedali mbili, ya hamoni mguu wa kushoto, ya sasteni (ya kurefusha noti za kinanda) wa kulia, zote nimezifunga kwa tepu juu ya kipande cha ubao ili zisihame. Dera ndefu ikunje na uibane kwa pini. Kitambaa kikiingia chini ya pedali hutajua kama imewashwa.

Kwa Lamu, vifaa vinapanda basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha boti. Kisanduku nakifunga kwa mifuko miwili ya plastiki ndani ya leso, nakipakata mwenyewe. Chumvi ndiyo adui. Pini za waya zikianza kuwa kijani, kodi zinaanza kupotea moja moja na utadhani ni kosa lako. Nazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikirudi, na kila mara nina waya wa pili mkobani. Umeme ukikatika na kurudi, kisanduku kinachukua sekunde kadhaa kuamka, na huenda kikaamka kwenye mpangilio wa kwanza. Kwa hiyo mpangilio wangu wa kwanza ni sauti tupu, bila hamoni yoyote.

Kabla watu hawajaketi, ninafanya hivi: nashika C meja, naimba C ndefu, nakanyaga, nasikia E na G. Nahamia A maina bila kuacha kuimba, nasikia ya chini inapanda. Nainua mguu, nasikia niko peke yangu. Kisha nakunja dera na kumpa ishara mwenye nyumba kwamba bi harusi anaweza kuja.