Kusimamisha na Kuendeleza Programu kwenye Mashine ya CNC

Kusimamisha programu ya mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga chuma ni kazi rahisi. Kinachovunja vikatio na kuharibu kazi ni kuiendeleza bila kujua mashine imebaki na maagizo gani katika kumbukumbu yake.

Kitufe cha kusitisha mwendo husimamisha mihimili, yaani njia za kusogeza kikatio au kazi, peke yake. Spindeli, sehemu inayokizungusha kikatio, huendelea kuzunguka, maagizo hubaki yalivyo, na ukibonyeza kitufe cha kuanzisha, kazi huendelea palepale ilipokomea. Usikiache kikatio kikizunguka kwa muda mrefu huku kimegusa chuma, kwa maana kitasugua bila kukata na kuacha alama. Wakati wa kukata hesi shimoni kwa agizo la G84, kitufe hiki kwa kawaida hakisimamishi mashine papo hapo, bali hesi humalizwa kwanza na kikatio hutoka shimoni.

Ikiwa unajua mapema kwamba utahitaji kupima au kuhamisha kibanio, andika M00, agizo la kusimama, ndani ya programu, baada ya Z (mhimili wa juu na chini) kuinuliwa. M01 hufanya kazi hiyohiyo, ila pale tu swichi yake inapokuwa imewashwa. Kwa kuwa si mashine zote zinazozima spindeli kwa M00, tanguliza M05 (kuzima spindeli), kisha baada ya kituo uandike upya kasi, M03 (kuwasha spindeli) na M08 (kuwasha kipoozeo).

Riseti, kitufe cha kuirudisha mashine katika hali ya mwanzo, huikatisha programu na huweza kufuta baadhi ya maagizo yaliyokuwa yakitumika. Kitufe cha dharura hukata nguvu ya kuendesha mihimili, na baada yake mashine nyingine hudai zirudishwe kwanza kwenye sifuri yake. Kitufe hicho kisigeuzwe njia ya kawaida ya kusimamisha kazi.

Baada ya riseti au dharura, inua Z kwa mkono, kagua kikatio na kibanio, kisha uanzie kwenye mstari wa kubadilisha kikatio, kwa mfano T3 M06, wala si katikati ya njia ya kukata. Mistari inayofuata hapo ndiyo inayorudisha G90 (vipimo kutoka sifuri moja), G54 (mahali pa sifuri ya kazi), kasi ya spindeli na G43 H3 (urefu wa kikatio namba 3). Bila G43, mashine inaweza kuihesabu Z kana kwamba kikatio hakina urefu, ikakishindilia ndani ya kazi au kwenye jiliwa. Vivyo hivyo, usianzie baada ya G41 (fidia ya nusu kipenyo cha kikatio) kuwashwa, wala ndani ya programu ndogo, kwani M99, agizo la kurudi kwenye programu kuu, haitajua pa kurejea. Wapo wanaoona uchungu kupoteza dakika chache kikatio kikipita hewani mahali palipokwisha kuchongwa. Binafsi naona dakika hizo ni nafuu kuliko spindeli iliyogongwa.

Washa hali ya mstari mmoja mmoja, punguza mwendo wa kasi hadi kiwango cha chini kabisa, na uweke kidole karibu na kitufe cha kusitisha. Kikatio kinaposhuka, kisimamishe kikiwa bado juu ya kazi, usome kwenye skrini umbali uliobaki: ikiwa kwa macho kimebakiza milimita 50 hivi kufika penye kukata ilhali skrini inaonyesha 120, usiendelee, bali kagua ofseti (kipimo kilichohifadhiwa kwenye mashine) ya urefu na ile ya G54. Vipimo vikiafikiana na spindeli ikiwa inazunguka, ruhusu kikatio kiingie, kisha uzime hali ya mstari mmoja mmoja na kurudisha mwendo wa kawaida.