Somo: Kupakia na kushusha mzigo mwenyewe, toka Kalundu (bandari ya Uvira, Kongo) hadi Bukavu

Wiki hii nimepigiwa simu mara tano, na swali lilikuwa lile lile: "Yaya (kaka mkubwa), wabebaji hawapo, patroni (bosi) anasema nishushe mwenyewe. Nianzie wapi?" Kuandika mara moja ni rahisi kuliko kujibu kila siku, kwa hiyo naandika. Someni hadi mwisho.

Kabla ya yote niseme ninachoamini. Kubeba gunia si kazi ya dereva. Mtu aliyebeba magunia usiku kucha bandarini, asubuhi akashika usukani kupanda Ngomo, mlima ulio kati ya Kamanyola na Bukavu, mikono inamtetemeka na macho yanajifunga. Korongo la Ngomo halimsubiri aliyechoka. Ila najua hali ilivyo: ukikataa, kesho funguo anapewa mwingine. Basi kama ni lazima, ifanye kwa akili.

Mfano wangu ni Fuso ya tani 7, magunia 140 ya kilo 50, dereva na boi-shofa (utingo) mmoja.

1. Maneno kwanza, mikono baadaye. Kabla gunia la kwanza halijaguswa, uliza nani anashusha mwisho wa safari, na jibu liandikwe kwenye bordero (karatasi ya mzigo): "Kushusha ni kwa mteja" au "Kushusha ni kwa dereva, malipo kadhaa". Likibaki la mdomo, ukifika mteja atakuambia patroni wako alishalipwa, na patroni atazima simu.

2. Simamisha gari pa tambarare, breki ya mkono, gia, jiwe nyuma ya gurudumu. Hata pakiwa tambarare, weka jiwe.

3. Fagia kitanda cha gari. Msumari mmoja uliochomoza unapasua gunia, na sukari inayomwagika unalipa wewe.

4. Kupanga. Hapa ndipo niliharibu, na hapa nitakaa.

Kila mtu anafundishwa hivi: mzigo wa kushuka mwisho uingie kwanza, ukae mbele karibu na kabini, wa kushuka kwanza ukae nyuma mlangoni. Ni rahisi kushusha, kweli. Nami nilifanya hivyo. Nilipakia Kalundu magunia 80 ya sukari ya Bukavu nikayarundika mbele, halafu magunia 60 ya chumvi ya Kamanyola nikayaweka nyuma. Kamanyola tukashusha chumvi wawili sisi, tukamaliza saa kumi jioni, migongo imekufa. Sukari, tani 4 nzima, ikabaki imeegemea kabini, nyuma patupu. Nilitazama nikasema: tumechoka, twende.

Mvua ilitukuta katikati ya mlima. Udongo ule mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanasukuma gari, yakaanza kuzunguka bure kwa sababu hayakuwa na uzito juu yake. Gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma polepole, mkia ukielekea upande wa shimo. Nilikanyaga breki, likaendelea kuteleza. Aliyetuokoa ni boi-shofa wangu: aliruka akasukumia jiwe kubwa chini ya gurudumu. Toka ukingoni hadi tairi palikuwa hatua mbili. Kisha, kwenye mvua na giza, tukahamisha magunia 35 toka mbele kwenda nyuma, huku magari sita yanatupigia honi. Magunia manne yalilowa. Yalikatwa kwenye mshahara wangu.

Sasa napanga hivi: KWA TABAKA, si kwa mbele na nyuma. Mzigo wa mwisho (sukari ya Bukavu) unalala chini, umetandazwa toka kabini hadi mlangoni. Mzigo wa kwanza kushuka (chumvi ya Kamanyola) unalala juu yake, nao umetandazwa kote. Ukishusha chumvi, kinachobaki ni tandiko moja la sukari, liko chini, limeenea sawa, na gari linapanda Ngomo likiwa zito pale panapotakiwa.

Maonyo ya hatua hii:
– Chumvi hutoa maji. Kati yake na sukari tandika turubai la pili, na kingo zake zikunjwe juu ili maji yasishukie pembeni.
– Magunia yapishane kama matofali ya ukuta, mdomo wa gunia utazame ndani.
– Ukishusha nusu, toa kulia na kushoto sawasawa. Usimalize upande mmoja kwa sababu ndio ulio karibu na mlango wa duka.
– Ukilazimika kupanga mbele na nyuma, basi baada ya kushusha TANDAZA UPYA kilichobaki kabla ya kuwasha gari. Hakuna atakayekulipa kwa nusu saa hiyo. Ifanye hata hivyo.

5. Funika, funga kamba, nenda kilomita kumi, simama, kaza tena. Magunia hujishindilia njiani na kamba inalegea.

6. Kufungua ubao wa nyuma. Usisimame mbele yake. Kaa pembeni, legeza komeo moja, sikiliza. Ukisikia ubao unalia, mzigo umeuegemea. Panda juu upunguze kwanza.

7. Kushusha. Mmoja juu, mmoja chini. Wa juu anavuta gunia hadi ukingoni, wa chini anapokea begani, gunia halishuki chini ya kiuno. Gunia likishagusa ardhi, kuliinua tena ndiko kunakovunja mgongo. Badilishaneni kila magunia 20.

8. Hesabu. Kila gunia la kumi, jiwe moja mfukoni. Mteja asaini papo hapo, kabla hajaingia dukani "kutafuta kalamu".

Maswali yaliyokuja

Boi-shofa wa Kadutu: Mkubwa, kwa hiyo nikiwa na haraka naweza kupanga ya mwisho mbele tu, si ndiyo?

Jibu: Hatua ya nne. Isome yote.

Boi-shofa wa Kadutu: Ni ndefu.

Jibu: Na Ngomo ni ndefu.

Mwanafunzi wa Gari: Yaya, samahani. Tani 4 bado ni uzito mkubwa. Kwa nini magurudumu yanazunguka bure wakati gari si tupu?

Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Fikiria watu wawili wamebeba kasha la bia kwenye mti, mmoja mbele, mmoja nyuma, mti mabegani. Kasha likining'inia katikati, wanagawana. Lisogeze hadi kwa wa mbele, naye anabeba karibu lote. Wa nyuma anashika mti tu. Gari ni hivyo hivyo: ekseli ya mbele na ya nyuma ndio hao watu wawili. Sasa kwenye Fuso anayesukuma ni wa nyuma, na ili asukume lazima miguu yake ishike ardhi, na ardhi hushikwa kwa uzito. Kwenye lami kavu hutaona tofauti. Kwenye udongo uliolowa utaiona. Na ukiteremka, kutoka Bukavu kwenda Kamanyola, ni hatari ya aina nyingine: ukipiga breki uzito unakimbilia mbele zaidi, magurudumu ya nyuma yanajifunga, mkia unazunguka. Usirundike tena yote mkiani, maana usukani utakuwa mwepesi na gari halitakata kona. Uzito mwingi ukae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukiwa na swali lingine, uliza.

Mama wa Depo, Nyawera: Jambo baba. Mimi ni mteja. Madereva wananifikia usiku wakidai pesa ya kushusha ambayo sikuambiwa. Nifanyeje?

Jibu: Jambo mama. Ni haki yako kulalamika, na dereva naye hakutunga, mara nyingi ametumwa hivyo. Unapoagiza mzigo, dai kuona mstari wa kushusha kwenye bordero. Na kama utawaita wabebaji wako, hasa wale mama zetu wanaobeba kwa kamba ya kwenye paji la uso, patana nao kwa gunia, si kwa jumla, na walipwe kabla gari halijaondoka. Nimewaona wakizungushwa hadi giza kwa pesa ya unga wa watoto. Inaniuma.

Dereva wa Zamani: Sisi tulibeba miaka 30 bila masomo. Vijana wa leo ni wavivu.

Jibu: Papa, nakuheshimu, barabara hiyo umenitangulia. Lakini uvivu hapana. Magunia 140 ya kilo 50 ni tani 7, na yanabebwa mara mbili, kupakia na kushusha. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa ndio ukomo wa mzigo wa mwanamume mmoja. Gunia letu limebakiza kilo 5 tu. Na Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ilipotoka Oktoba 2002, iliweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za kubeba ni saa za kazi. Anayebeba saa sita kisha akaendesha saa saba, amezipita. Migongo ya wenzako wa miaka ile iko wapi leo, papa?

Dereva wa Zamani: Wangu unauma kila mvua ikitaka kunyesha. Hapo umesema kweli.

Jibu: Pole sana papa. Tukikutana njiani nitasimama tusalimiane.

Mwana wa Birere: Huku Goma tunashushia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Hamna huko?

Jibu: Milima ya Bukavu haiupendi mti wa magurudumu mawili, kaka. Ila kwenye tambarare yenu ni msaada mkubwa. Mnausogeza hadi chini ya ubao wa nyuma?

Mwana wa Birere: Ndiyo, na mmoja anaushika usukani. Asiposhika, gunia la tatu linauangusha. Magunia ya chini tunayalaza marefu kufuata ubao, ya juu yanakingama.

Jibu: Asante. Wa Goma waichukue hiyo.

Dereva wa Bagira: Na kama mzigo wa mwisho ni mwepesi, tuseme makatoni ya sabuni, na wa kwanza kushuka ni sukari? Siwezi kuweka sukari juu ya sabuni.

Jibu: Kweli, hapo tabaka zinashindikana. Sabuni iwe mbele kwenye kabini, ni nyepesi haitaharibu kitu. Sukari juu ya ekseli ya nyuma, isipangwe kwenda juu zaidi ya magunia matano. Ukishusha sukari, gari ni karibu tupu: kwenye udongo uliolowa subiri pakauke, au omba mawe mawili matatu makubwa uyaweke juu ya ekseli na kuyafunga.

Dereva wa Bagira: Kamba gani? Ya nailoni yangu inalegea kila mara.

Jibu: Nailoni hunyooka ikilowa. Ya katani hukaza ikilowa, kisha hulegea jua likitoka. Mimi natumia ya katani, na jua likishatoka nasimama nakaza upya.