Leseni ya kuwinda kindi Arizona: nyoosha jina na anwani kabla ya kuwaza bunduki

Oktoba ikikaribia, watu wetu wa Phoenix huanza kuulizana bunduki nzuri inauzwa duka gani. Hilo ni swali la mwisho. Msimu wa kindi wa mitini hufunguliwa mapema Oktoba na sehemu nyingi hufungwa Desemba 31, na muda huo wote unaweza kuuliwa na makaratasi huku kindi wakiendelea kuguguna koni zao kule Flagstaff bila wasiwasi.

Leseni yenyewe si ngumu. Kindi huhesabiwa kuwa mnyama mdogo, kwa hiyo haingii kwenye ile bahati nasibu ya vibali vya elki na kulungu, ambayo mkaazi hulipa dola 13 za maombi zisizorudi, apate asipate. Tovuti ya Idara ya Wanyamapori na Samaki ya Arizona itakutangazia bahati nasibu hiyo kila unapogeuka. Ipite. Unachotafuta ni leseni ya kawaida ya uwindaji. Mimi nilikuta mkaazi analipa dola 37, na asiye mkaazi anauziwa tu ile ya pamoja, uwindaji na uvuvi, kwa dola 160. Inadumu siku 365 tangu uliponunua, kwa hiyo ukiichukua katikati ya Oktoba itakufikisha hadi ufunguzi wa msimu ujao. Mtoto wa chini ya miaka 10 haihitaji kwa wanyama wadogo akiwa na mtu mzima mwenye leseni; wa miaka 10 hadi 17 wana yao ya dola 5. Kozi ya usalama wa uwindaji hailazimishwi kwa mtu mzima anayefuata kindi, ingawa kama hujawahi kushika bunduki, kaisome.

Sasa tuje kwenye kilichoniuma. Kwa idara hii, mkaazi ni mtu ambaye makao yake yamekuwa Arizona kwa miezi 6 mfululizo kabla ya kuomba, na hadai ukaazi wa jimbo lingine kwa jambo lolote. Rudia hilo la pili. Ukihamia hapa kutoka Texas au Ohio huku leseni yako ya udereva bado ni ya kule, miezi yako 6 haitakusaidia sana kaunta. Badilisha ya udereva kwanza.

Mimi ya kwangu ilikuwa ya Arizona na miezi imetimia zamani. Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya michezo linalouza leseni hizi, nikahudumiwa na kijana mpole aliyekuwa akila chipsi. Jina langu lina sehemu tatu, kama yenu wengi. Mashine yake ina visanduku vya mawili. Basi jina la babu likawekwa kwenye ukoo, la baba likapotelea hewani, akaunti yangu ya zamani haikuonekana, akafungua mpya, na katika hiyo mpya nikawa si mkaazi. Kadi yangu ikakatwa dola 160. Kumwonyesha kosa akaniambia ikishachapishwa haifutiki, labda nizungumze na meneja, na meneja yuko mapumziko. Meneja alirudi, akasema yale yale kwa sauti nzito zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi: fungua akaunti mwenyewe mtandaoni, andika jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye leseni ya udereva, hakikisha umesoma neno linalosema wewe ni mkaazi kabla ya kubonyeza malipo, kisha pata ile namba ya utambulisho ya idara na uihifadhi. Siku nyingine ukilazimika kwenda dukani, wape namba, usiwape jina. Chapisha leseni kwenye karatasi pia. Ukishapanda Mogollon Rim, ule ukingo mrefu wa milima yenye misitu, mtandao hupotea na simu inakuwa tochi tu.

Bunduki ndipo pa pili pa kukwama. Duka lenye leseni litakupa fomu 4473, ile ya kununulia bunduki, inayotolewa na ATF, shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, na kitambulisho chako lazima kionyeshe anwani unayoishi leo. Arizona kuna watu wana leseni za udereva zitakazoisha wakifika miaka 65, wamehama nyumba mara chungu nzima, na anwani ni ile ile ya fleti ya kwanza. Kama ndiyo hali yako, beba hati nyingine ya serikali yenye anwani sahihi. Usajili wa gari hukubaliwa. Asiye raia huandika namba yake ya uhamiaji. Mwenye grini kadi au aliyeingia kama mkimbizi anaweza kununua. Aliyeko kwa viza ya muda, mfano mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki isipokuwa awe na msamaha unaotambuliwa, na mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji ya Marekani. Ndiyo maana nasema leseni itangulie.

Kisha duka linapeleka jina lako FBI wakague rekodi zako. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Sisi tunapewa "subiri" kwa wingi, maana Hassan Juma wako wengi, na waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wengi wao, kwa mujibu wa makaratasi, walizaliwa Januari 1. Siku 3 za kazi zikipita bila jibu, sheria inaruhusu duka likupe bunduki, lakini hailazimishi, na mengine hukataa kabisa. Aliye chini ya miaka 21 anaweza kusubirishwa zaidi. Ikikutokea kila mara, omba FBI wakuweke kwenye faili lao la hiari, wanamotunza taarifa zako ili usichanganywe na mwingine, na wakupe namba iitwayo UPIN, utakayoiandika kwenye fomu 4473. Asiyetaka purukushani hii, bunduki ya upepo inaruhusiwa kwa kindi na haina fomu 4473.

Kabla ya kuondoka, angalia ramani ya vitengo vya uwindaji, yaani maeneo yaliyogawanywa kwa namba. Kusini mwa Grand Canyon utamkuta kindi wa Abert, mwenye shungi masikioni. Utamjua yupo ukiona ncha mbichi za matawi zimetapakaa chini ya msonobari wa ponderosa. Upande wa kaskazini, kitengo 12A, yuko wa Kaibab mwenye mkia mweupe. Mount Graham usiende kabisa: kindi mwekundu wa kule yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 1987, na hapo hakuna wa kukuelewa. Usifyatue ndani ya robo maili ya nyumba yenye watu bila ruhusa yao, wala kutoka barabarani.

Mwisho ni kindi watano kwa siku. Kama nyama yake ni halali, muulize sheikh wako. Fomu za idara hazina kisanduku cha hilo.