Namna ya Kusanifu Kituo cha Daladala Kinachomfaa Abiria

Kabla ya kuchora chochote, nenda ukasimame mahali kituo kitakapojengwa. Simama hapo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, urudi saa tisa na nusu alasiri, kisha saa mbili usiku, na siku moja ya mvua ya masika usiikose. Utaona watu wanasimama wapi kwa hiari yao, maji yanapita wapi na gari linaonekana tangu umbali gani.

Ujenzi uanze na ardhi, si paa. Mahali pa kusimama pawe pa zege, pameinuliwa sentimita 15 hadi 20 juu ya lami, na mtaro unaopita kati ya abiria na gari ufunikwe kwa mifuniko imara urefu wote wa kituo, kwa sababu mama aliyebeba mtoto mgongoni hawezi kuruka mtaro huku konda akimhimiza. Miisho iwe na mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, na upenyo wa sentimita 90 ubaki wazi kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Katika vituo vya mabasi ya mwendokasi vya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, vilivyoanza kutumika mwaka 2016, abiria huingia basini bila kupanda ngazi. Daladala haina nafuu hiyo, kwa hiyo kila sentimita unayoinua sakafu humsaidia mzee mwenye maumivu ya magoti.

Kivuli ndicho kinachokosewa zaidi. Jua la alasiri likiwa katikati ya utosi na upeo wa macho, kivuli cha paa lililo juu mita 2.5 huwa kimehama mita 2.5 kuelekea mashariki, na benchi lililo chini ya paa hilo linaungua. Kituo kinachotazama magharibi kipewe paa linaloteremka upande wa mbele, na mabenchi yarudishwe nyuma kivuli kinakohamia. Kinachoupa magharibi mgongo kijengewe ukuta wa matofali ya matundu, maana joto la Dar es Salaam halivumiliki pasipo upepo. Mwarobaini uliopandwa vizuri, kwa maoni yangu, unalishinda bati.

Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, abiria anayetazama barabara huyaona yakitokea kuliani kwake. Upande huo usiwekwe ukuta, bango la biashara wala kibanda cha vocha, kwani abiria anahitaji kusoma jina la njia kabla gari halijafika.

Kituo kiwe baada ya makutano, na kivuko cha waenda kwa miguu kiwe nyuma yake, ili anayeshuka avuke nyuma ya gari lililosimama, mahali ambapo madereva wanaokuja wanamwona. Eneo la kuegesha litoshe Coaster mbili, kila moja ikiwa na urefu wa mita 7 hivi, pamoja na nafasi ya kuingia na kutoka. Bodaboda watengewe sehemu yao mbele, na mama lishe nyuma ya kituo; wasifukuzwe, kwa sababu uwepo wao na taa moja ya sola huwapa wasichana wanaosubiri usiku usalama wa kweli.

Kibali huombwa TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) kwa barabara za mitaa. Masika ya kwanza baada ya ujenzi, rudi ukaangalie maji yametuama wapi, ukarekebishe mteremko kabla zege halijaanza kupasuka.