Kuweka Moodle kwenye Seva ya Skuli Pemba
Skuli ya Wete au Chake Chake inayotaka kuwawekea wanafunzi masomo mtandaoni inaweza kutumia Moodle, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ambayo huhitaji seva yenye PHP (lugha ya programu ambayo Moodle imeandikwa kwayo) na hifadhidata kama MariaDB. Tengeneza kwanza hifadhidata tupu, kisha folda ya moodledata, na folda hii iwe nje ya eneo linalofikiwa na kivinjari, kwani ndani yake hukaa kazi za wanafunzi, nazo ni amana. Baada ya hapo endesha usakinishaji.

Usakinishaji ukikataa kuendelea, angalia max_input_vars, mpangilio wa PHP unaoweka kikomo cha idadi ya vipengele inavyopokea kwa mara moja, ambao kwa PHP 8 usipungue 5000. Faili zisipopakiwa, chunguza iwapo seva ina ruhusa ya kuandika katika moodledata. Barua pepe zisipofika, usikimbilie kulaumu mtandao: huenda kroni, yaani kazi ya seva inayojiendesha yenyewe kwa ratiba, haijapangwa, nayo yapaswa kuendeshwa kila dakika, jambo ambalo naona wasimamizi wengi hulipuuza. Anwani ya seva ikibadilika, rekebisha wwwroot, yaani anwani ya tovuti, ndani ya config.php, faili ya mipangilio ya Moodle. Umeme ukikatika ghafla, hifadhidata huweza kuharibika. Kwa hiyo pangeni nakala ya akiba kila usiku, ihifadhiwe nje ya jengo la skuli.